Viatu vya Gofu vya Mnyapara

Kiatu hakijulikani siku ya kukinunua. Utakijua ukishatembea nacho kutwa, mguu umevimba, jasho limeingia, na bado una safari ya kurudi. Hapo ndipo kinasema ukweli. Mimi nimeshona viatu mpaka macho yakakataa kuona tundu la sindano, na katika viatu vyote nilivyowahi kushika, vile nilivyovichunguza kuliko vyote havikuwa vyangu wala sikuvishona mimi. Vilikuwa vya mnyapara wetu wa walinzi, kule kwenye mashamba ya ngano ya serikali, Hanang. Vilikuwa viatu vya gofu.

Jina lake nalijua ila sitalitaja. Ana wajukuu, na wengine huniletea viatu vyao. Hata wakati ule hakuna aliyemwita kwa jina. Tulimwita Mnyapara, na mke wake alimwita Mnyapara, hata akimwamsha asubuhi. Alikotoka sikumuuliza. Hakuwa mtu wa kuulizwa. Alikuwa mfupi, kifua kama pipa la dizeli, mikono mirefu mpaka karibu na magoti, na sauti ndogo. Watu wanafikiri mtu mkali ana sauti kubwa. Huyu alinong'ona. Akikusogelea sikioni na kusema neno taratibu, ujue leo utalala kifudifudi, kwa sababu mgongo hautagusika.

Mimi nilishuka kutoka Mbulu. Kwetu juu ardhi ilikuwa imegawanywa mpaka kila ndugu akabaki na matuta yake machache ya maharage, na mimi nilikuwa mdogo wa nyumba, kwa hiyo matuta yaliniishia. Nikaja Hanang nikapewa koti, filimbi na rungu. Kazi yenyewe ilikuwa kuzuia ng'ombe wasiingie kwenye ngano. Ukiisema hivyo ni kazi ndogo. Lakini ngano ile ilipandwa juu ya malisho ya Wabarbaig. Njia zao za kwenda kwenye maji na kwenye chumvi zilikatiza humo humo, na ng'ombe hajui kwamba njia aliyopita mama yake sasa ni shamba. Kwa hiyo ng'ombe waliingia kila siku, na kila siku tulipiga watu. Nasema tulipiga. Sikuwa nimekaa pembeni.

"Ngano haina miguu," Mnyapara alikuwa akisema. "Ndiyo maana serikali ikaniajiri mimi na yangu."

Alikuwa na kiboko cha ngozi alichokipaka mafuta kila Jumapili baada ya ibada. Nimemwona akimchapa dereva wa kombaini aliyelala kwenye kivuli cha mashine yake, akamchapa mpaka yule dereva akaingia chini ya mashine, na Mnyapara akamfuata huko huko akitambaa. Nimemwona akimvunja mtu vidole kwa kumkanyaga, taratibu, kidole kimoja kimoja, huku akimuuliza ng'ombe ni wa nani. Mimi mwenyewe aliniondoa jino hili la pembeni kwa ngumi, nilipopitiwa na usingizi lindoni. Kesho yake akaniletea uji wa moto kwenye kopo, akakaa mbele yangu. "Kunywa upande wa kushoto," akaniambia. "Wa kulia bado mbichi." Akasubiri mpaka nikamaliza.

Sasa mtu kama huyo utamwekaje? Na ng'ombe hakuwahi kuwagusa. Mlinzi mwenzetu mmoja alimpiga mtamba kwa rungu akamvunja pembe. Mnyapara alimpiga yule mlinzi mpaka mfupa wa bega ukalia kama kuni kavu. Halafu akambeba mgongoni mpaka zahanati, mwendo wa asubuhi nzima, akimgombeza njia nzima kwamba ni mzito na anakula sana. "Ng'ombe ana kosa gani?" alikuwa akisema. "Ameona majani. Hata wewe ungeona."

Na heshima! Hapo ndipo alipochekesha, ingawa siku zile hatukucheka. Alilelewa na watu wa adabu, hilo lilionekana. Hakuweza kumpiga mtu aliyemzidi umri kabla ya kumwamkia. Tukimkamata mzee na ng'ombe wake, Mnyapara huja, anavua kofia, anasema, "Shikamoo mzee." Mzee akiitikia marahaba, basi, salamu imekamilika, kiboko kinashuka. Wazee wa Kibarbaig wakaligundua hilo. Mmoja akaamkiwa akanyamaza. Mnyapara akarudia, "Shikamoo mzee." Kimya. Mara ya tatu, ya nne. Mzee anaangalia mlima Hanang kama anasubiri mvua. Mnyapara mkono umeinuka, jasho linamtoka, hawezi kushusha. Mwishowe akageuka akampiga mlinzi aliyekuwa karibu, akaondoka. Tangu siku hiyo wazee wote wa upande ule wakawa hawaitikii.

Nirudi kwenye viatu.

Palikuwa na mzungu mmoja, mtaalamu wa ngano, mtu mpole wa pua nyekundu. Jioni baada ya mavuno alitoka kwenye mabua na mkoba wa fimbo zenye vichwa, akawa anapiga vijipira vyeupe vinaruka mpaka havionekani, halafu anavifuata kwa miguu kuvipiga tena. Mke wa mlinzi mmoja aliokota kimoja, akadhani ni yai la kanga, akalichemsha mpaka kuni zikaisha. Mzungu alipomaliza muda wake aligawa vitu. Mmoja alipata redio, mwingine chandarua, Mnyapara akapata viatu. Mzungu akamweleza kwa Kiswahili chake kwamba hivi ni viatu vya kutembelea kwenye nyasi.

Mnyapara akaja navyo kwangu, maana walijua nashona katambuga za matairi ya trekta. Akaviweka magotini kwangu.

"Vya kutembelea kwenye nyasi," akanong'ona. "Na ngano ni nini?"

"Ngano ni nyasi, Mnyapara," nikamjibu. Ningesema nini?

"Basi ni vya kazi. Vikague."

Nikavikagua. Vilikuwa vya rangi mbili, vyeupe na kahawia, ngozi laini ya ndama iliyokandwa ikakubali. Juu ya kamba palikuwa na kipande cha ngozi kilichochanwachanwa kama ndevu za beberu, kazi yake sikuielewa mpaka nilipoona kinazuia majani yasiingie kwenye kamba. Mshono ulikuwa wa uzi uliopakwa nta, wa karibu karibu, sindano haikuruka hata mara moja. Ndani, chini ya kisigino, waliweka kitu laini kama kitambi cha mtoto. Soli ndiyo ilinishangaza. Mwanzo tulidhani ni njumu za mpira, lakini njumu zina vichwa butu. Hivi vilikuwa na misumari ya chuma yenye ncha, inayofunguliwa kwa kuzungushwa. Saba mbele, minne kisiginoni.

Alivivaa palepale. Kidole kidogo kilibanwa, nikakipanua kiatu kwa kigogo na maji ya moto usiku kucha, asubuhi kikakaa. Akatembea uwanjani kwenda na kurudi. "Mguu unacheka," akasema. Ni mara pekee nilimsikia akisifu kitu.

Nikawa navichunguza kila wiki, na haya ndiyo niliyoyaona. Kwenye mabua makavu hakuna kiatu kilichovishinda. Mabua yale ni makali, yanachoma soli ya buti, lakini Mnyapara alikimbia juu yake kama swala, na akigeuka ghafla hatelezi. Kwenye majani ya asubuhi yenye umande, vizuri sana. Kwenye ngazi ya kombaini, vibaya, msumari unanasa. Kwenye saruji, balaa. Siku ya kwanza aliingia navyo ghalani mbele ya meneja, akasalimia, miguu ikamwendea kila mmoja upande wake, akakaa chini kwa kishindo. Mpakiaji mmoja wa magunia akacheka. Mnyapara akainuka kwa kushika gunia, akamfuata kwa hatua ndogo ndogo kama mtu anayevuka barafu, na yule mtu kwa woga hakukimbia, akangoja. Akapigwa na huku akimshikilia Mnyapara asianguke tena.

Na kwa teke. Nitasema maana ndilo lililokuja kuvijulisha viatu vile Hanang nzima. Teke la kiatu kile liliacha matundu. Watu wakawa wanaonyeshana sokoni, mapajani na mbavuni, saba na manne. Hakuwa na haja ya kiboko tena. Akipita njiani, chuma kikilia kwenye mawe, watoto waliingia ndani.

Ikaja ile siku. Ngano ilikuwa inaanza kujaa maziwa, mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, na tulikamata kundi zima tukalifungia kwenye zizi la shamba. Mchana akaja mwanamke peke yake. Alikuwa kijana, sketi ya ngozi, amefunga tumbo kwa kitambaa kama mtu aliyejifungua, na kweli hakuwa amemaliza mwezi. Kwa Wabarbaig mwanamke wa hali hiyo hatoki nyumbani. Ukimwona nje ujue kuna jambo limemsukuma.

"Nipeni yule mwekundu," akasema. "Wengine wakae. Yule ndiye anamlisha mtoto. Mimi ziwa limekauka."

Mnyapara akamwambia taratibu, "Mama, rudi nyumbani. Aje mwanaume wako."

"Mwanaume wangu mlimvunja mkono juzi."

"Basi aje na ule mwingine."

Walinzi wakacheka. Nilicheka. Yule mwanamke hakubishana. Akaenda moja kwa moja kwenye lango la zizi, akavuta mti wa kwanza, akavuta wa pili, akaingia, akamkumbatia shingoni ng'ombe wake mwekundu, akaanza kutoka naye.

"Mshike," Mnyapara akaniambia.

Nikamshika kwa nyuma, mikono yote miwili, nikaikunja mgongoni kwake. Ilikuwa myembamba. Mnyapara akampiga teke la paja, akampiga la muundi, akampiga tena paja lile lile. Damu haikutoka mara moja. Kwanza nikaona matundu, saba mbele, manne nyuma, yamejipanga kama kwenye soli niliyoipakaza mafuta Jumamosi, halafu yakajaa yote kwa pamoja. Goti lake likaisha nguvu, nikabaki nimembeba kwa mikono yake. Hapo ndipo alipopiga ule ukelele wa wanawake wao, ambao ukishausikia huulizi maana yake.

Wanaume walikuwa karibu kuliko tulivyodhani. Wakatokea nyuma ya mtaro, fimbo na mikuki, hawapigi kelele. Tukamwachia yule mwanamke tukakimbia. Mbele yetu palikuwa na sehemu iliyolimwa, udongo mweusi wa mbuga, umelowa. Wanaoujua udongo ule wanajua. Unakamata kama ugali wa moto. Mimi nilivaa katambuga zangu za tairi. Hazina cha kushika tope, ni bapa tupu, zikinasa unachomoa mguu unaendelea peku. Nikapita. Nikajirusha ndani ya mtaro upande wa pili, nikageuka kutazama.

Mnyapara alikuwa katikati. Kila msumari ulikuwa umeokota tope lake, tope likaokota mabua, mabua yakaokota tope jingine, na kila hatua kiatu kinakua. Alikuwa anainua miguu kama mtu aliyefungwa mawe ya kusagia. Aliinama kufungua kamba, lakini ile ndevu ya ngozi ilikuwa imejaa udongo, hakuipata kamba. Wakamfikia hapo. Walimpiga kwa zamu. Fimbo zao ni nyembamba, zinaimba hewani kabla ya kufika. Walimpiga kichwani, viwiko, mgongoni, akaanguka, wakampiga miguuni, na mmoja akampitisha mkuki nyama ya mguu mpaka ukaingia ardhini. Aliniita. Kwa sauti yake ile ndogo aliniita jina langu mara mbili. Nilikuwa na filimbi shingoni. Sikuipiga.

Waliomwokoa ni wanawake. Walikuja wengi, wa boma zile zote, na mmoja mtu mzima sana akaingia kati ya fimbo, akasimama juu yake mguu huku na mguu huku.

"Acheni. Huyu si wenu," akawaambia wanaume. "Amepiga mzazi. Huyu ni wa wanawake."

Na wanaume wakaacha. Ungeona ndipo ungeamini. Kwao mtu akimkosea mwanamke kwa jambo la namna ile, kesi ni ya wanawake, na mwanaume haweki neno. Walichomoa mkuki wakarudi nyuma. Wanawake wakakaa palepale kwenye tope, wakasemezana, hawakuchukua muda. Faini ilikuwa fahali mweusi, asiye na doa, ailete yeye mwenyewe. Mpaka ailete, asipewe maji wala moto na boma lolote, asiitikiwe salamu, asizikwe na mkono wa mtu wao.

Mnyapara, damu inamtoka mdomoni, akanong'ona, "Mimi ni mtu wa serikali. Silipi wanawake."

Wakainuka wakaondoka.

Tulipomfikisha nyumbani mguu ulikuwa umevimba ndani ya kiatu. Nilikipasua kwa kisu changu cha kazi, kutoka juu mpaka vidoleni. Chenzake kilibaki kwenye mbuga. Na nitawaambia kitu kama fundi: ndani kilikuwa kikavu. Tope lote lile, na soksi yake haikulowa hata kidogo, isipokuwa ile damu ya juu. Kilikuwa kiatu kizuri, cha nchi nyingine.

Mashamba yale yalikuja kufa, kila mtu anajua. Mashine ziliota kutu, sisi tukatawanyika. Mnyapara akabaki Masakta, akalima mahindi na maharage, mguu mmoja ukiburuzika. Miaka na miaka alikaa na ile faini. Wafugaji walipita na ng'ombe wao, wanazunguka nyumba yake kwa mbali kama watu wanaozunguka kaburi jipya. Akisalimia kisimani, wanachota maji wanaenda. Mke wake alipofariki tulichimba kaburi watu wanne, na jembe lilivunjika mpini, na wanaume wa boma la jirani walikuwa wamekaa wanatuona. Nilimwambia siku ile ile, "Mnyapara, mpeleke huyo fahali, yaishe."

"Mungu nimemlipa," akasema. "Wanawake siwalipi."

Ubishi huo ulimkaa hata uzeeni. Alimpiga kwa fimbo mchungaji wa kanisa aliyekuja kumshauri, akamwomba radhi, akampiga tena alipolirudia shauri lenyewe.

Halafu miaka michache iliyopita, asubuhi ya mnada hapa Basotu, nimepanga meza yangu, nikaona watu wanapisha njia. Mnyapara anakuja, fimbo mkono huu, kamba mkono huu, na nyuma yake fahali mweusi kama sufuria.

"Shikamoo, Mnyapara."

"Marahaba. Funga meza."

"Twende wapi?"

"Kwa yule mama, ng'ambo ya ziwa. Wewe ulikuwepo, utakuwa shahidi."

"Leo ndiyo umekumbuka?"

"Sijasahau hata siku moja. Kusahau ni kitu kingine na ubishi ni kitu kingine." Akapumua. "Nilikwenda Haydom. Daktari anasema moyo wangu umekuwa mkubwa. Nikamwambia umechelewa."

Tulitembea mpaka jua likapinda. Alipumzika kila baada ya hatua mia, fahali anapumzika naye. Bomani yule mwanamke alitoka nje ya lango la miiba akichechemea. Amekuwa bibi sasa, mwenye shaba shingoni na mikononi. Hakuuliza sisi ni nani. Aliita kwa sauti, wanawake wakaja kutoka maboma ya jirani, wakakaa chini. Mnyapara akavua kofia.

"Nilikupiga," akasema. "Nimeleta."

Wakamkagua fahali. Bibi mmoja mcheshi, hana meno, akainama chini ya tumbo.

"Mbona hapa ana jeupe?"

"Ni vumbi," Mnyapara akasema.

"Vumbi gani la kukaa sehemu moja? Umetuletea fahali wa kupaka rangi?"

Akatema mate mkononi, akasugua, akasugua tena. Lile jeupe likatoka. Bibi akaonyesha kiganja chake kwa wenzake, wakacheka wote, wakapiga makofi.

"Aingie," yule mama akasema. "Aingie anywe maziwa."

Vijana wa kike wawili wakamshika mikono, mmoja kila upande, wakamwinamisha apite langoni asikwaruzwe na miiba. Nikaokota fimbo yangu nimfuate. Yule mama akaweka ya kwake kukatisha lango.

"Wewe ndiye ulinishika," akasema.

"Ndiyo, mama. Niliagizwa."

"Yeye alikuwa na miguu, mimi nilikuwa na mikono. Ningejikinga. Mikono yangu ulikuwa nayo wewe." Akaangalia nyuma yangu, njia tuliyojia, kama mtu anayetazama iwapo kuna mnyama mwingine anakuja. "Wa kwako yuko wapi?"

Miaka yote ile nilihesabu faini ni ya Mnyapara. Nilimshauri ailipe, nilimsema nyuma yake kwa kutoilipa, na hata siku moja haikunijia kichwani kwamba wanawake wale walikuwa wakipita mbele ya meza yangu hawaniitikii. Nilidhani hawajui Kiswahili.

Nikakaa chini nje ya miiba. Ndani nilimsikia Mnyapara, sauti ile ile ndogo, anasimulia kitu, na wanawake wanacheka, na mmoja anasema aongezwe maziwa. Nilisubiri mpaka wakanirudishia mtu wangu, amelowa maziwa ndevuni, nikamsindikiza taratibu.

Alifariki mwaka uliofuata, na kaburi lake lilichimbwa na watu wengi mno, wengine walikosa jembe. Mimi nina ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wake dume. Ni mwekundu. Kila mnada naulizia mwenye mweusi wa kubadilishana naye.